Bomba la Hewa Chini ya Bampa

Bomba lile la hewa Zakia alilifunga kwa mikono yake mwenyewe, na siku ile ya mafuriko kule Kikwe hakuwa na mtu mwingine wa kumlaumu.

Alikuwa fundi wa magari, mwenye miaka thelathini na mmoja, katika gereji ya baba yake, Mzee Omary, pale Levolosi. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, Joel Sumari, dereva wa watalii ambaye kwao ni Akheri, alimletea gari lake dogo la bluu pamoja na bomba jipya la alumini aliloagiza mtandaoni. Bomba linalokuja na gari huvuta hewa kutoka juu, karibu na taa. Hili la Joel lilikuwa refu. Lilishuka nyuma ya taa, likapita mbele ya tairi, na mwisho wake wenye filta ukakaa chini kabisa ndani ya bampa, ambako hewa ni ya baridi. Hewa ya baridi huipa injini nguvu. Joel alitaka gari lipande mlima wa kwao bila kukoroma, na kweli baada ya kazi ile lilipanda.

Ubaya wake ni kwamba filta sasa ilikuwa chini ya usawa wa goti. Zakia alimwambia Joel asiingie kwenye maji. Joel alicheka, akasema kwao Akheri maji hayana muda wa kutuama, yanateremka yote. Zakia alikusudia kutengeneza kinga ya kuifunika filta upande wa chini na mbele, lakini wiki ile kazi zilimwelemea, na gari likaondoka bila kinga. Alijiambia kwamba mwenye gari ameshaonywa.

Alijua vizuri alichokuwa anakiogopa. Alipokuwa na miaka kumi na sita, baba yake alimwita aione injini iliyomeza maji. Mzee Omary alimweleza kwamba ndani ya silinda hewa hubanwa, lakini maji hayabanwi. Pistoni ikipanda kwa kasi ikakutana na maji, lazima kitu kivunjike, na mara nyingi ni ule mkono wa chuma unaoishika pistoni. Mkono aliouona siku hiyo ulikuwa umepinda na kutoboa ubavu wa injini, na kwenye lile tundu angeweza kupitisha ngumi. Gari lile lilizimika katikati ya mto. Mzee Omary hakumsimulia habari za waliokuwa ndani yake, na Zakia hakuuliza.

Jumatano moja ya mwezi wa nne, Joel alimpigia simu akiwa Serengeti na wageni. Gari alikuwa amelilaza pale gereji mpaka atakaporudi. Alisema mama yake, Eunike, yuko kwenye shamba lao la Kikwe, tambarare chini ya mlima, pamoja na Angel, binti yake Joel wa miaka saba, aliyekuwa likizo. Redio imetangaza mvua kubwa mlimani, na mama hapokei simu. Akamwomba Zakia achukue lile gari awafuate, awarudishe Akheri. Kwa kawaida Zakia angechukua pikapu ya baba yake, lakini siku hiyo ilikuwa juu ya magogo, haina gia boksi. Alitazama anga la Levolosi, akaona mawingu mepesi tu. Akawasha gari la bluu.

Kikwe kulikuwa na jua. Shamba la akina Sumari lilikuwa kwenye ulimi wa ardhi kati ya makorongo mawili, nyumba ndogo ya matofali mabichi na bati katikati ya mahindi. Njia ya kuingilia ilikuwa moja, nayo ilikata korongo la upande wa mashariki. Saa saba na nusu mchana Zakia alilivuka kwa urahisi. Lilikuwa na mchanga mkavu na mkondo mwembamba wa maji katikati, usiofika kifundo cha mguu, ingawa pembeni palikuwa na kidimbwi alichokipiga kwa tairi kabla hajakiona. Alipofika ng'ambo aligeuka kuutazama Mlima Meru. Hakuuona. Mahali pa mlima palikuwa na weusi mtupu, toka angani mpaka chini.

Zakia alimkuta Mama Eunike amekaa kizingitini anachambua maharage. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na minane, mnene, mwenye sauti ya upole. Mwaka uliopita alianguka kwenye kahawa zake akavunjika nyonga, na tangu hapo hatembei bila mkongojo. Zakia alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akaeleza ujumbe wa Joel. Mama Eunike hakuwa na haraka. Simu yake ilikuwa imeisha chaji toka jana. Alisema hawezi kuyaacha magunia sita ya mahindi yaliwe na wezi, na mgeni hawezi kuondoka na njaa. Zakia alimsihi mara mbili. Mara ya tatu aliona haya kumsukuma mtu mzima, akala ndizi aliyopewa, huku sikio lake likiwa nje.

Ilikuwa saa tisa kasoro aliposikia mlio kama wa lori linalomwaga mawe. Ulitoka upande wa mlima, ukaendelea bila kukoma. Eneo lile hapakuwa na lori wala machimbo.

Mama Eunike naye aliusikia. Aliweka ungo chini, akasema kwa sauti ndogo, "Hilo ni korongo."

Zakia alikimbia mpaka njiani. Korongo alilolivuka muda si mrefu lilikuwa limebadilika. Maji ya rangi ya matope yalikuwa yanapita kwa nguvu, yamebeba migomba mizima, mashina ya maboga na ndoo moja ya bluu, na kila alipopepesa macho yalikuwa yamepanda kidogo. Ng'ambo, mzee mmoja mfugaji wa Kimasai aliyevaa shuka na kofia ya sufu alikuwa ameshaipandisha mifugo yake kilimani. Jina lake lilikuwa Lesian, jirani wa miaka mingi wa akina Sumari. Alimpungia mkono kwa nguvu, akimwonyesha aje upesi, kisha akaelekeza fimbo yake upande wa juu wa shamba.

Zakia aligeuka kutazama huko alikoelekezwa. Mabua ya mahindi ya mwisho wa shamba yalikuwa yanatikisika, na hapakuwa na upepo. Korongo la pili, la magharibi, lilikuwa limevunja kingo. Maji yalikuwa yanakuja polepole kati ya mistari ya mahindi, yakiisogelea nyumba.

Alirudi mbio, akamweleza Mama Eunike bila kuficha. Nyumba ile ya matofali mabichi ikiloa msingi haitasimama. Sehemu iliyoinuka ilikuwa moja tu, kule aliko Lesian.

Mama Eunike alimtazama Angel, aliyekuwa ameshika kona ya khanga ya bibi yake. Kisha akasema, "Mchukue mtoto, uvuke naye kwa miguu. Mimi niacheni. Nitapanda juu ya meza."

Zakia alimbeba Angel mgongoni, akaenda mpaka ukingoni, akaingiza mguu mmoja majini. Maji yalifika juu kidogo ya goti. Alipoingiza wa pili, mchanga ulitoka chini ya nyayo zake kama mtu anayevuta zulia, akaanguka kwa goti moja. Angel alimkaba shingo kwa mikono miwili. Kwa kitambo kidogo Zakia hakujua ukingo uko upande gani. Alijivuta kwa kushika mizizi, akatoka amelowa mpaka kifuani, na mtoto bado amemng'ang'ania.

Alipokaa pale matopeni alifikiria jambo ambalo baadaye aliona aibu kulisema. Alifikiria kwamba yeye peke yake, bila mtoto, bila mwanamke mwenye mkongojo, huenda angeweza kuvuka. Aliona wazi jinsi ambavyo angefanya, mahali pa kushika, mahali pa kukanyaga. Alifikiria hivyo kwa muda wa pumzi mbili au tatu. Kisha akasimama, akampeleka Angel kwenye gari lililokuwa mbele ya nyumba, akafungua boneti.

Gari lilikuwa zito kuliko mtu, na magurudumu yake manne yalikuwa yanavuta yote. Kwa maji ya magotini lingeweza kupita iwapo injini haitakufa. Lakini kwa bomba lile, injini ingekufa kabla magurudumu ya nyuma hayajaingia majini. Filta ingezama, injini ingevuta maji kama mtu anavyovuta soda kwa mrija, na wote watatu wangekaa katikati ya korongo ndani ya chuma kilichokufa.

Alilala chini mbele ya gari akaipapasa filta kwa mkono. Ilikuwa imelowa chepechepe. Kile kidimbwi cha saa saba kilitosha.

Bomba la Joel lilikuwa vipande viwili. Kipande cha juu kilitoka kwenye injini kikiwa na sensa yake ya hewa, na kipande cha chini ndicho kilichoteremka kwenye bampa. Viliunganishwa kwa mpira mweusi wenye kona, uliokazwa na klampu mbili, pete za chuma zenye skrubu, juu kabisa ndani ya boneti, usawa wa kiuno cha Zakia. Akikitoa kipande cha chini, injini ingevuta hewa kutoka pale juu. Ingekuwa hewa ya moto na gari lingekosa nguvu kidogo, lakini pale palikuwa juu ya maji kwa urefu mzima wa mkono.

Sanduku la spana lilikuwa Levolosi. Ndani ya gari alikuta bisibisi moja tu, ndogo, ya kufungulia betri za rimoti. Aliiingiza kwenye skrubu ya klampu ya chini, akaizungusha, nayo ikapinda. Klampu aliikaza yeye wiki tatu zilizopita, tena kwa nguvu zake zote, akijisifu kwamba kazi yake hailegei.

Alimwita Mama Eunike, akaomba kisu. Mama Eunike alitoka ndani anachechemea, kisu cha jikoni na panga mkono mmoja, mkongojo mkono wa pili, maji yakiwa yameshafika kizingitini na kuzilowesha kandambili zake. Hakuuliza kisu ni cha nini. Aliegemea bampa, akaushika mkono wa Zakia uliokuwa unatetemeka, akausimamisha juu ya klampu kama anayemfundisha mtoto kuandika.

"Taratibu, mwanangu," alisema. "Mimi nakushikia."

Ncha ya kisu iliingia kwenye skrubu. Mara ya kwanza ilichomoka ikamkata Zakia kidole cha shahada. Mara ya pili ikashika. Skrubu ililia, ikazunguka robo, kisha nusu, kisha ikalegea. Zakia alilivuta bomba la chini kwa mikono yote miwili, akalizungusha huku na huku, mpaka likakubali kuachia. Damu ilikuwa imetapakaa kwenye alumini. Alilitupa bomba kwenye mahindi.

Sasa mdomo wa kipande cha juu ulikuwa wazi, lakini kazi ilikuwa bado. Feni ya injini ikikutana na maji huyarusha kila upande, na mdomo ule ulikuwa karibu nayo. Kikombe kimoja cha maji kingetosha kuua injini. Zakia aliuzungusha ule mpira mpaka ukatazama nyuma, upande wa kioo. Kisha alichukua dumu la lita kumi lililokuwa na mbegu, akalimwaga, akalikata kwa panga katikati, akalifunika nusu yake juu ya mdomo wa bomba kama paa, upande wa nyuma ukiwa wazi kwa hewa. Alilifunga kwa waya wa banda la kuku. Alilitikisa. Halikucheza.

Mbele ya gari alitandaza turubai la kuanikia maharage, kutoka kwenye boneti mpaka chini ya bampa, akalikaza pembeni kwa kamba ya katani ili maji yasiingie moja kwa moja kwenye rejeta. Alipomaliza, maji ya shambani yalikuwa kwenye vifundo vya miguu yake. Yalikuwa ya baridi ya mlimani.

Mama Eunike aliuliza kama aanze kutoa gunia moja la mahindi ambalo Zakia alilipakia mapema kumridhisha, ili gari liwe jepesi. Zakia alisema hapana. Gari jepesi lingebebwa. Akaingia ndani, akakokota magunia mengine mawili, akayatupa nyuma, bila kujua mwenyewe alizipata wapi zile nguvu. Akampandisha Mama Eunike mbele na kumkalisha Angel mapajani mwake, bila mkanda, vioo vyote vikiwa vimeshushwa. Aliwaambia kwamba gari likianza kuelea watoke kupitia dirishani upande wa juu wa mkondo na wapande juu ya paa la gari. Mama Eunike aliitikia kwa kichwa. Wote wawili walijua kwamba yeye hataweza kupita dirishani.

Kisha Zakia alishika ufunguo, na hapo hofu ikamjia yote kwa pamoja. Kama kuna maji yaliyokwisha kuingia kwenye bomba tangu kile kidimbwi, hata kidogo, kuwasha tu kungevunja injini. Ingawa gari lilitembea vizuri mpaka nyumbani, hakuwa na hakika. Aliwaza kushuka achomoe plagi atazame. Hakuwa na spana ya plagi. Alitazama kwenye kioo akaona kizingiti cha nyumba hakionekani tena.

Akazungusha ufunguo. Injini iliunguruma, ikatulia.

Kwenye ukingo alisimamisha gari. Lesian alikuwa ameteremka mpaka upande wake wa maji, akachomeka fimbo yake mahali ambapo chini palikuwa na mwamba, na sasa alikuwa amesimama nyuma yake, mikono amenyoosha mbele, akimwita kama anayemwita ng'ombe anayeogopa. Zakia aliiweka gia namba moja. Baba yake alikuwa amemfundisha: kanyaga mafuta kidogo, usiongeze, usipunguze, usikanyage klachi, hata itokee nini.

Waliingia.

Maji yalipiga turubai yakagawanyika. Yalipanda mpaka kwenye taa. Mlangoni yalianza kupenya, yakatambaa chini ya viatu. Mama Eunike alikuwa anasali kwa Kimeru, maneno yaleyale tena na tena, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Zakia alikuta midomo yake nayo inasema Bismillahi, Bismillahi, na hakukumbuka ameanza saa ngapi. Macho yake hayakutoka kwenye fimbo ya Lesian.

Katikati, sehemu ya nyuma ya gari ilisogea.

Haikusogea sana, labda futi moja, ila ilisogea bila ruhusa yake, na usukani ukawa mwepesi kama wa gari la kuchezea. Mgomba uliokuwa unateremka uligonga mlango wa upande wa Zakia, ukajikunja, ukapita juu ya boneti. Injini ilikohoa mara moja. Mlio wake ukashuka, ukawa mzito, kama mtu aliyekabwa. Zakia alijua ndio mwisho. Aliona ule mkono wa chuma uliopinda, akauona wazi kabisa mbele ya macho yake, na mguu wake wa kulia ukataka kutoka kwenye mafuta, wenyewe. Alilishikilia goti kwa mkono wa kushoto ili mguu usitoke.

"Angel, funga macho," Mama Eunike alisema.

Injini ilikohoa tena, ikavuta pumzi. Tairi la mbele la kulia likagonga kitu kigumu. Ulikuwa mwamba. Usukani ukawa mzito mikononi mwake, na hajawahi kufurahia uzito kama ule. Pua ya gari iliinuka. Maji yakaanza kumwagika kutoka kwenye turubai, kisha magurudumu ya nyuma nayo yakashika, na gari likapanda ukingo likiteleza kushoto na kulia, likapita pembeni ya Lesian aliyeruka kando, likaendelea kupanda.

Zakia hakusimama. Alipanda mpaka kwenye mti wa mgunga walipokuwa mbuzi, juu kabisa, ndipo akazima. Alipojaribu kuachia usukani vidole vilikataa. Mama Eunike alimfungua kimoja kimoja. Kisha Zakia alifungua mlango, akatapika.

Angel hakulia. Alikuwa amejikojolea, na alipoulizwa kama ameumia alisema kuku wamebaki. Walipogeuka kutazama shambani, nyumba ilikuwa bado imesimama, maji yakiwa madirishani. Kisha ukuta wa upande wa mlima ulikaa chini, bila kishindo walichoweza kukisikia kwa ule mlio wa maji, na bati likalala juu ya maji kama kifuniko. Ilikuwa haijatimia nusu saa tangu Mama Eunike aseme atapanda juu ya meza.

Lesian alifika akihema, amelowa mpaka kifuani. Alimpa Mama Eunike pole, akamshika Angel kichwani, kisha akaenda mbele ya gari akalitazama lile dumu lililokatwa. Akauliza ni la kazi gani. Zakia alitaka kumweleza, akashindwa, machozi yakamtoka. Mzee alivua shuka lake la juu lililokuwa kavu mabegani, akamfunika mtoto.

Jioni, jua likiwa halijazama, walifika Akheri kwa barabara ya lami, gari likikosa nguvu kwenye kila mwinuko. Simu ilipopata mtandao, Zakia alimpigia Joel kabla hata ya kushuka. Alimwambia kwamba mama na mtoto wako salama na nyumba imekwenda. Kisha akamwambia la pili, kwamba bomba lile alilifunga akijua hatari yake, na gari akaliachia bila kinga, na kama angechelewa kidogo na ile klampu, sasa angekuwa anampa habari nyingine.

"Uliniambia nisiingie majini," Joel alisema. "Nikacheka. Nipe mama nimsikie."

Zakia alimpa Mama Eunike simu, akaenda kukaa nyuma ya nyumba kwenye migomba, mahali ambapo hakuna aliyeweza kumwona. Hakutoka huko mpaka giza lilipoingia, Mama Eunike akamletea chai. Usiku ule walimlaza pale pale. Kila bati lilipolia kwa mvua aliamka akashika ukuta.

Bomba la zamani alilirudisha kwenye gari la Joel wiki ileile. Baba yake, ambaye macho yake hayaoni vizuri siku hizi, alipapasa mahali pa klampu kwa vidole, akataka asimuliwe yote tangu mwanzo. Alipomaliza kusikiliza alisema kwamba yeye mwenyewe asingekumbuka kuugeuza ule mpira utazame nyuma. Ilikuwa ni sifa kubwa kutoka kwake, lakini Zakia hakuipokea. Tangu siku hiyo, mteja akileta bomba la kushuka kwenye bampa, anamwambia atalifunga likiwa na kinga au halifungi kabisa. Wengine hukubali. Wengine huenda gereji za jirani, na mvua ikinyesha yeye huwaza wako wapi.

Mwezi wa tano, mvua zilipopungua, Joel alimwomba waende wote Kikwe kutazama kilichobaki. Ilikuwa asubuhi nzuri, mlima umejitokeza wote mpaka kileleni. Korongo la mashariki lilikuwa limerudi kama lilivyokuwa, mchanga, na mkondo mwembamba usiofika kifundo cha mguu. Joel alipunguza mwendo, akashuka na gari taratibu mpaka karibu na maji.

Zakia alimwambia asimame.

Joel alimtazama, akatazama maji, akaanza kusema kwamba hayafiki hata kwenye rimu. Zakia alisema anajua. Alifungua mlango, akavua viatu, akavishika mkononi. Joel alimsubiri, injini ikiwa imezimwa, naye Zakia akavuka kwa miguu peke yake, hatua fupi fupi, akitazama upande wa mlima.